Visanduku Vinne Vilivyobaki

Sogeza kiti, mwanangu, maana hili silisemi kwa sauti kubwa. Kuna Jumamosi moja ya miaka ya hamsini, enzi za Mwingereza, ambayo hunijia kila nikinusa wino. Mengi nimeyasahau, hata majina ya niliosoma nao misheni yamenitoka, lakini siku ile imekataa kuondoka. Ningekuwa na uwezo ningempa mtu mwingine aikumbuke kwa niaba yangu, nami nipumzike.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kwetu ni juu ya Matombo, lakini wakati huo nilikuwa karani kwenye shamba moja la mkonge nje ya mji wa Morogoro, nimepanga chumba Mafiga. Karani, mwanangu! Suruali ya kaki imepigwa pasi, kalamu ya wino mfukoni, na Kiingereza cha kuombea ruhusa tu, lakini nikirudi kijijini nilikizungumza mpaka mbuzi wakanitazama. Nilijiona nimefika.

Sasa kila Jumamosi gazeti lilikuwa likitoa fumbo la maneno ukurasa wa nyuma. Visanduku vyeupe na vyeusi, maswali ya kwenda kulia na ya kwenda chini. Ukijaza vyote unakata kile kipande, unatia kwenye bahasha, na Jumatatu asubuhi kiwe posta. Asiyekosa hata neno moja hupata baiskeli. Mara tatu nilikuwa nimekosea neno moja moja, na kila mara nilishika tama wiki nzima. Wenzangu walijaza kwa penseli, wakifuta na kurudia. Mimi nilijaza kwa wino, kwa sababu nilijiambia mwenye akili hafuti. Pumbavu mkubwa mimi.

Kabla sijaendelea, lazima ujue jambo la kwetu, wewe uliyezaliwa mjini. Kwetu Uluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na mlinzi wake ni mjomba. Enzi hizo hakukuwa na karatasi. Mjomba akiona umri umekwenda, humwita mpwa atakayeshika nafasi yake, wakaufuata mpaka wa shamba la ukoo kwa miguu, kutoka jiwe la kwanza hadi la mwisho, na mtani wa ukoo akifuata nyuma kuwa shahidi. Tuliita kutembezwa. Mjomba hauelezi mpaka huo akiwa amekaa barazani kwake. Anaonyesha palepale, na mpwa anakanyaga. Usipotembezwa, uwe na elimu ya namna gani, neno lako mbele ya wazee ni upepo.

Basi Jumamosi ile mchana nilikuwa nimerudi kutoka kazini, nimevua viatu, gazeti limetandazwa mezani. Fumbo lilikuwa gumu kuliko yote niliyowahi kuyaona, lakini nilikuwa nimelimaliza isipokuwa neno moja kwenye pembe, visanduku vinne. Swali lenyewe: hulisha nyumba nzima, mwenyewe hali. Herufi ya pili nilikuwa nayo, i, kutoka mwisho wa neno lililolikata hilo, ambalo swali lake liliuliza kile ambacho mwanamume hubeba aendapo porini. Hapo nilikuwa nimeandika mkuki, kwa wino, bila kusita. Sasa nikabaki njia panda: jiko, au kinu? Yote mawili yaliingia. Yote mawili yalilisha nyumba na hayakula.

Mara nikasikia hodi. Alikuwa mdogo wangu Felista, ameshuka na ndizi za kuuza sokoni, kanga imemjaa vumbi la barabara.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo, ila anakonda. Anapika, tunakula sote, yeye anasema ameshiba. Kaka, mjomba anakuita. Miguu imemvimba. Anasema kesho asubuhi anakutembeza kabla miguu haijamkatalia kabisa. Panga la kufyekea njia ameshalinoa, na Mzee Kobelo ameshaambiwa. Lori la Matombo linaondoka saa kumi. Twende."

Mzee Kobelo ndiye aliyekuwa mtani wetu, shahidi mpya. Shahidi wa zamani alikuwa amekwisha kufa. Na Mjomba Pius, sijui nikwambieje, ndiye aliyenilipia ada misheni, akauza mbuzi wake mwenyewe. Hakuwa mtu wa kuita bila sababu.

Nikamjibu Felista bila kuinua kichwa. "Tangulia. Mimi nitakuja kesho alfajiri."

"Kesho Jumapili, kaka. Hakuna lori."

"Nitatembea."

"Wewe? Na viatu hivyo?" Akacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka. Kisha akalitazama gazeti, kicheko kikamkauka. "Ni hilo ndilo linalokushika?"

"Hujui wewe. Hii ni kazi ya ofisini."

Nilimdanganya ndugu yangu wa tumbo moja, mwanangu, kwa ajili ya visanduku vinne. Akaokota kikapu chake, akaenda. Saa kumi nikasikia honi ya lori likiondoka. Nikaandika jiko kwenye karatasi ya pembeni, nikaandika kinu chini yake, nikayatazama.

Jumapili sikutembea. Hata misani sikwenda. Nilijiambia nikipata jibu asubuhi nitaondoka mchana, na mchana nikajiambia jioni. Chai ilipoa mara mbili. Kama saa tisa nilitoka nje kunyoosha mgongo, nikaona mvua imeshuka juu ya milima, Uluguru yote imefunikwa, huoni hata mteremko mmoja. Nikasema kwa sauti, peke yangu pale uani: afadhali sikwenda, ningelowa. Hayo ndiyo maneno niliyoyasema. Nimeyaungama kwa mapadri watatu na bado yako pale pale.

Nikarudi ndani, nikaandika jiko.

Jumatatu nilikuwa posta kabla hawajafungua. Nilipotia bahasha sandukuni ndipo akili ikanirudia, nikakimbia kuomba ruhusa kazini, nikapata lori hadi Matombo, nikapanda mlima kwa miguu na vile viatu vyangu vya karani. Njiani nilikutana na wanawake wanatoka kisimani. Niliwasalimu, wakaitikia kwa chini, wakapita. Nikaanza kuogopa.

Felista alinikuta kwenye kijito chini ya nyumba. Hakuniamkia. Toka azaliwe hajawahi kunipita bila shikamoo, siku ile alisimama tu na ndoo yake.

"Alikaa kwenye jiwe la kwanza toka alfajiri," akaniambia. "Panga mapajani. Kila kikivuma kitu njiani anasema, ndiye huyo. Mvua ikaja, Mzee Kobelo akamsihi warudi, akakataa. Akasema, mpwa wangu hawezi kunikosa. Alipokuja kuinuka akaanguka. Sasa ulimi hauinuki."

Mama wee! Niliingia ndani nikamkuta amelala kwenye mkeka, mama yangu ameketi miguuni kwake. Alinitambua. Macho yalinitambua, na hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Alifungua kinywa, ikatoka sauti isiyo na neno. Akainua mkono wa kulia, akanyoosha kidole kuelekea mlangoni, kwenye mteremko, akakisogeza taratibu, akakisimamisha, akakisogeza tena. Alikuwa ananitembeza, mwanangu. Amelala chali, ananitembeza kwa kidole. Nami nilitazama kule nje nikaona migomba, mawe na miti mingi, mlima mzima, na sikujua ni jiwe lipi wala mti upi.

"Hapo wapi, mjomba?" nikawa nauliza. "Pale kwenye mwembe? Pale kijitoni?"

Akatikisa kichwa. Akaanza tena mwanzo. Alifanya hivyo mpaka mkono ukachoka, na usiku ule ule akafariki.

Msibani watani walikuja kama ilivyo desturi, na wewe unawajua watani kwenye matanga, hawana simile. Mzee Kobelo alivaa shati lililotundikwa kalamu ya kijiti mfukoni, akashika kipande cha gazeti kilichofungiwa chumvi, akakaa kando ya kaburi, miguu kainyanyua juu ya tuta la udongo. Wachimbaji wakamwambia mwili unashushwa. Akainua mkono bila kutazama: "Ngojeni! Maiti asubiri. Karani hajamaliza!" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilikuwa nimesimama pale, mikono imejaa udongo, nikalia kwa sauti kama mtoto. Mzee Kobelo akaniona, akalikunja gazeti lake, akalitia mfukoni. Hakunitania tena mpaka alipokufa.

Haikupita miezi mingi, ukoo wa jirani wakadai sehemu ya bondeni, ile yenye maji, ambako mama alikuwa na migomba yake na bustani ya mboga. Tukaitwa mbele ya wazee. Mpwa wa upande wa pili, kijana asiyejua kusoma hata jina lake, alisimama akataja jiwe kwa jiwe, mti kwa mti, akamtaja na mtani aliyefuata nyuma siku alipotembezwa. Zamu yangu ilipofika nilisimama na suruali yangu ya kaki. Nikasema mama analima pale toka sijazaliwa. Mzee mmoja akanijibu kwa upole kabisa kwamba kulima si mpaka.

Nikamgeukia Mzee Kobelo. "Mzee wangu, wewe ulikuwepo. Ulikaa naye pale jiweni. Sema basi."

"Nilikaa kwenye jiwe la kwanza," akasema. "Kutoka hapo sikwenda popote, kwa sababu tulikuwa tunakungoja. Unataka niseme uongo mbele ya wazee, mwanangu?"

Nikakaa chini. Tulibakiwa na mteremko wa juu, mawe matupu, ambako hata muhogo hukataa.

Siku ile ile nilirudi Mafiga. Magazeti yote ya toka msiba yalikuwa yamerundikana pembeni, sikuwa nimeyagusa, na katika mojawapo mlikuwa na majibu ya fumbo lile. Sijui kwa nini niliyatafuta. Mwanamume aendapo porini hubeba panga. Panga, siyo mkuki! Herufi ya mwisho ni a, na kwa hiyo neno la visanduku vinne halikuwa jiko wala kinu. Lilikuwa mama.

Nilikaa sakafuni. Felista alikuwa amesimama mlangoni hapo hapo akanitajia panga lililonolewa, akanitajia na mama anayepika akalala na njaa, nami nilikuwa nimeinama natafuta jibu kwenye karatasi. Baiskeli alipata mtu mwingine, sijui nani, wala sikumwonea wivu.

Mama nilimleta mjini kuishi nami. Angefanya nini kule kwenye mawe? Alinunua ndizi za watu wengine akaziuza sokoni, yeye aliyezoea kukata zake. Jioni alikaa mlangoni akiitazama milima, mikono mapajani, haina la kufanya. Siku moja nilimwomba msamaha kwa magoti. Akasema, "Inuka, unachafua suruali." Hakunilaumu hata mara moja, na mpaka leo natamani angenilaumu, angenitukana hata, nijue mwisho wake uko wapi. Alifia pale pale mjini. Tulimzika kwenye makaburi ya mji, kati ya watu asiowajua, kwa kuwa alikuwa ameniambia hataki kupelekwa kulala juu ya mawe akitazama shamba lake linalimwa na wengine.

Ninapanda Matombo mara mojamoja, siku hizi kwa kushikwa mkono. Huwa naenda kwenye jiwe la kwanza, hilo nalijua, nakaa. Kutoka hapo sijui pa kwenda. Nimelikalia miaka yote hii na sijawahi kupiga hatua ya pili.

Sasa nisikilize, mwanangu, nikuambie wazi usije ukasema mzee alizunguka. Fumbo halina ubaya, na akili ya kuchemsha bongo ni zawadi ya Mungu. Mimi mwenyewe nisingekataza. Ubaya ni kumfanya mtu aliyekuita akungoje wakati unamaliza kitu kisichokujua jina. Mkubwa wako akikuita, inuka. Usiseme kesho, usiseme kidogo tu, usiulize anataka nini. Acha kalamu katikati ya neno. Alicho nacho kichwani hakikuandikwa popote, na hakuna gazeti litakalokutolea majibu wiki ijayo. Na uliloandika kwa wino, ukiona limekosewa, lifute hadharani bila aibu. Ningelifuta mkuki wangu mapema, labda ningemaliza Jumamosi ile ile nikapanda lori. Labda. Neno hilo nalo nimelichosha.

Haya, saa zimekwenda, na mama yako alikuita tangu tulipoanza, nilimsikia, nawe ulimsikia. Nenda. Mungu akupe masikio ya kusikia mara ya kwanza na miguu ya kuinuka kabla ya mara ya pili. Akukutanishe na wazee wako ulimi wao ukiwa bado unasema. Na kila watakapokunyooshea kidole, akujalie uwe umesimama karibu, uone wanaonyesha wapi. Inuka sasa, mwanangu, anakungoja.