Mlima wa Kula, Mlima wa Kura

Selotepu pana, ile ya rangi ya ugoro, ukiivuta kwa nguvu inalia kama shuka mpya inayochanwa. Kraaaa. Halafu kimya kidogo, halafu mkasi. Hadi leo nikisikia mtu anafunga katoni mahali, hata kama ni katoni ya sabuni, mabega yangu hushuka yenyewe.

Siku hiyo nilikuwa nimesimama mlangoni mwa duka la vitabu mjini Kisii, matope ya Birongo yamenikaukia mpaka kwenye soksi. Msichana wa duka alikuwa anafunga katoni zangu. Zilikuwa tatu. Ndani mlikuwa na nakala za vitabu vyangu vipya viwili, sehemu ya kwanza na ya pili ya hadithi moja, na nyingi hazikuwa zimewahi kufunguliwa na mtu.

"Pole, dada," akaniambia bila kuinua uso. "Mimi natumwa tu."

Nikamwambia hakuna shida. Mimi husema hakuna shida hata nikikanyagwa.

Nilimaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani Gesima kuchuma chai na mama. Masomo yaliishia hapo. Sikulia sana. Kuchuma chai kuna uzuri wake: vidole vikishaijua kazi, kichwa kinabaki huru kwenda kitakako. Changu kilienda mlimani. Niliwaza mlima unaokula majina. Mtu akiupanda anarudi mzima, na viatu vyake na kikapu chake, lakini jina halipo. Watu wake wanamtazama, wanafungua mdomo, hawana cha kumwita. Basi kuna msichana ambaye nyanya yake alipanda akarudi hivyo, na yeye anaamua kwenda kulitafuta hilo jina. Ndiyo hadithi yote. Niliiandika kwa madaftari ya shule, kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika nacho. Nyumbani tunaongea Ekegusii, na Kiswahili kwangu ni kama nguo ya kanisani: naipenda, lakini naivaa kwa uangalifu.

Mchapishaji wa Nairobi akaipenda. Siku niliyopigiwa simu niliruka ruka katikati ya majani mpaka mama akafikiri nimeumwa na siafu. Wakachapa sehemu mbili kwa mpigo, wakaziita *Mlima wa Kula Majina*. Sehemu ya tatu, ile ambayo msichana analipata jina la nyanya yake, walibaki nayo. Mhariri wangu, dada mmoja mwenye sauti ya upole, aliniambia waziwazi: "Tuone hizi mbili zitaendaje huko kwenu. Zikiuzika, ya tatu tunachapa. Zikirudi, itabidi tuiache."

Kwa hiyo nilijua. Mwisho wa hadithi yangu ulikuwa unategemea rafu moja ya duka moja.

Mwenye duka ni mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alikuja mjini na marobota ya vitambaa akasahau kuondoka. Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Vitabu vyangu vilipofika, vilikaa rafuni kwa siku nne. Siku ya tano vikaondolewa. Mchapishaji wangu alikuwa ameanza kupeleka vitabu vya shule moja kwa moja shuleni, bila kupitia madukani, na mzee akasema kama duka lake halifai kuuza vya hesabu, basi halifai kuuza kitu chao chochote. Akatoa kamusi, akatoa atlasi, akanitoa na mimi.

"Binti yangu," aliniambia nilipoenda kuuliza, "mimi na wewe hatuna neno. Neno langu ni na hao waliokutuma."

Ile methali ya fahali wawili na nyasi niliiandikia insha darasa la saba, mwalimu akaisoma mbele ya wenzangu. Sikujua hata kidogo nilichokuwa nikisema.

Nikampigia mhariri. "Wewe endelea kujitangaza," akasema. "Mambo ya duka tunazungumza nao."

"Mtamalizana lini?"

"Tunazungumza, mpenzi."

Walizungumza wiki tatu. Mimi nikajitangaza. Niliingia redio ya kwetu asubuhi nikasimulia mlima kwa Ekegusii, nikacheka, nikawaambia watu waende mjini wakaulize kitabu. Niliongea shuleni mara mbili nikiwa na homa. Niliongea kwa harusi ya binamu yangu, jambo ambalo shangazi yangu hajanisamehe. Kisha siku moja nikipita Kiogoro, mama anayeuza ndizi akaniita kwa kidole.

"Wewe si ndiye wa redio?"

Nikatabasamu. "Ndimi, mama."

"Nilimpeleka mtoto akanunuliwe hicho kitabu. Tukaambiwa hakuna. Mtoto amelia kutoka dukani mpaka stendi. Sasa wewe unatangaza kitu ambacho hakuna, wewe ni mtu wa aina gani?"

Nilimwambia pole, akanipa ndizi moja, kwa hasira. Nikaila nikitembea, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipoona nimechoka. Si miguu. Kile kitu cha ndani kinachoinua miguu.

Hapo ndipo nikapata wazo. Nikasema: mzee wa duka hataki kusikia habari za Nairobi, lakini labda atasikia za watu. Nitaenda sokoni Birongo na nakala zangu mbili, nitasimulia kidogo, na kila anayetaka kitabu aandikishe jina. Nitampelekea mzee daftari lililojaa majina. Ataona aibu njema, atavirudisha rafuni.

Nikaazima kipaza sauti cha kanisa. Mwenye kibanda cha viatu akaniazima meza. Nikaweka daftari, nikaweka kalamu, nikavuta pumzi:

"Mlima wa Kula Majina! Karibuni muandikishe majina! Mlima wa Kula Majina!"

Watu walikuja. Aki, walikuja! Mwanamume wa kwanza alivua kofia na kuniwekea kitambulisho mezani. Nikawaza, huyu ni msomaji wa kweli, mpaka anatoa kitambulisho. Nikaandika jina lake kwa mwandiko wangu mzuri. Wa pili naye akatoa chake. Mstari ukafika kwa wauza maharagwe. Nilijaza ukurasa wa kwanza nikageuza, na moyo wangu ulikuwa unaimba.

Kijana mmoja mwenye pikipiki akapiga kelele kutoka nyuma: "Madam! Hizi kura za Mlima ni za nani? Nani amekutuma?"

"Kura gani?" nikauliza kwenye kipaza sauti.

"Si umesema mwenyewe? Mlima wa Kura! Majina!"

Lugha yetu ya nyumbani haina ile sauti ya *l*. Ulimi ukiitafuta unarudi na *r*. Kichwani mwangu nilikuwa nimesema kula, kwa usafi kabisa, kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Mdomoni kulikuwa kumetoka kura. Na siku hizi mtu akitaja Mlima na kura kwa kipaza sauti, hakuna anayefikiria mawe na ukungu. Wanafikiria siasa, tena siasa za watu wengine, wale wa upande mwingine wa nchi wanaoitwa Mlima.

"Kumbe si watu wa kuandikisha kura hawa?" mama mmoja akauliza.

"Ni kula," nikajaribu kusema. "Kura! Ya chakura!"

Hapo ndipo nilipoharibu kabisa.

"Chakula kiko wapi sasa?" mmoja akapaza sauti, na soko lote likacheka. "Wenzako huja na unga, wewe umekuja na daftari?"

"Mwacheni, huyo ni mgombea mdogo. Bado anakua!"

"Mheshimiwa, hata soda?"

Nilicheka nao, maana hata mimi ningecheka. Nikainua kitabu juu, nikaeleza ni hadithi tu, ya kusoma. Kicheko kikaisha. Mwenye kofia akarudi mezani, uso umebadilika.

"Futa jina langu."

"Ni la kitabu tu, mzee."

"Moiseke, wewe msichana, sikujui. Jina langu halikai kwa daftari la mtu nisiyemjua. Futa."

Nikafuta. Akaja wa pili. Nikafuta. Walipanga mstari tena, uleule, na mimi nikawa nakata majina moja moja kwa kalamu ileile niliyoyaandikia. Nilipofika ukurasa wa pili mkono ulikuwa mzito. Nilikuwa nimeandika vitabu viwili juu ya mlima unaokula majina, na sasa mlima nilikuwa mimi.

Nyanya mmoja alibaki. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa meza, kitambulisho chake kimefungwa kwa karatasi ya nailoni kwenye pindo la leso. Kwetu nyanya huitwa magokoro, na nilimwita hivyo.

"Magokoro, nikufute na wewe?"

"Hujaniandika bado," akasema kwa Ekegusii. "Nimekuja unirekebishie." Akafungua leso polepole. "Walioandika hiki walidhani sijui kutamka jina langu. Nilisema *r*, wakaweka *l*. Miaka yote nikienda mahali naitwa kwa jina la mtu mwingine. Nikasikia kuna mtu wa majina hapa."

Nilitazama kitambulisho. Ni kweli. Herufi moja tu. Karani fulani, mahali fulani, alikuwa ametaka kumsaidia.

"Mimi siwezi kurekebisha hii, magokoro. Mimi naandika hadithi tu."

"Basi liandike hapo lilivyo."

Nikaliandika kwenye daftari, kwa *r* yake, peke yake, chini ya majina yaliyokatwa. Akalitazama muda mrefu ingawa hajui kusoma. Kisha akauliza hiyo hadithi yangu ni ya nini, nikamsimulia. Msichana, mlima, nyanya asiyeitika kwa sababu hakuna cha kumwita. Nilikuwa nimechoka hata kubadilisha sauti. Yeye hakutikisa kichwa wala kuguna kama wasikilizaji wanavyofanya. Nilipomaliza akauliza neno moja tu.

"Lilirudi?"

"Limo kwenye kitabu cha tatu."

"Kiko wapi?"

"Nairobi."

"Kalete," akasema, kana kwamba Nairobi ni ng'ambo ya mto. "Mjukuu wangu atanisomea. Uniletee siku ya soko."

Nilirudisha kipaza sauti kanisani, nikaenda moja kwa moja mjini Kisii na daftari langu. Ndipo nikakuta selotepu inalia.

Nilimwonyesha mzee wa duka ile mistari iliyokatwa, nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, amekaza midomo.

"Ulisema kura?"

"Nilisema kura."

"Hebu sema tena."

"Kura."

Akacheka mpaka akavua miwani. Na mimi nikacheka, na kwa sababu nilikuwa nimechoka, machozi yakaja nyuma ya kicheko bila kuniuliza. Akaona. Akaacha kucheka.

"Binti yangu, zinaondoka na gari la mizigo jioni. Nimeshawaambia. Nikirudi nyuma leo, kesho watapeleka hata kalamu shuleni wenyewe." Akasugua macho. "Wewe ungenishauri nini?"

Ndilo jambo lililoniuma. Sikuwa na la kumshauri. Watu wake wa dukani wanakula kwa vitabu vya shule, na msichana wa selotepu alikuwa mmoja wao.

Simu yangu ikalia. Ujumbe wa mhariri. Nilimsomea mzee kwa sauti, sijui kwa nini: "Tumesikia zinarudi. Pole sana, mpenzi. Ya tatu tumeisimamisha kabisa. Usife moyo."

Mzee akamwambia msichana asifunge ile katoni ya tatu. Akaingiza mkono, akatoa kitabu cha kwanza na cha pili, akaniwekea mikononi.

"Niliapa sitauza," akasema. "Sikuapa sitatoa. Kampe huyo mama wa Birongo."

"Hiki cha pili kinaishia katikati, mzee."

"Hilo sasa ni lako," akasema. Akachukua kofia yake akaenda msikitini kwa sala ya alasiri. Msichana wa duka akatoka kununua chai, akaniacha niangalie mlango.

Nikakaa juu ya katoni. Nikafungua kitabu cha pili ukurasa wa mwisho, pale walipochapa *Itaendelea*, na chini yake palikuwa na nafasi nyeupe, na baada ya hapo kurasa mbili tupu, na upande wa ndani wa jalada. Nikatoa kalamu ile ya sokoni. Nikaandika kwa herufi ndogo, za mstari ulionyooka ili mjukuu asipate shida: jinsi msichana alivyofika juu, jinsi ukungu ulivyoondoka, kile mlima ulichomwomba na kile alichoukatalia. Sehemu nzima niliyoiandika kwa mwaka mmoja nikaibana kwenye nafasi hiyo. Nilipofika mahali ambapo msichana anashuka, anasimama mbele ya nyanya yake na kumwita, lile jina nililokuwa nimelipanga tangu mwanzo sikulitumia. Nilifungua daftari, nikaangalia mstari wa mwisho, ule ambao haukukatwa, nikanakili jina la magokoro polepole, herufi kwa herufi, kwa *r* yake.

Kisha nikapuliza wino ukauke.