Mguu wa Baba na Gari Linalosita

Gari la baba lina milango miwili tu, rangi nyekundu iliyopauka juu ya boneti, na taa zinazoinuka ukiziwasha kama macho ya chura. Kwa Songea yetu hilo ni gari la mtu asiye na akili timamu, nami nasema hivyo kwa mapenzi. Liko chini mno hata watoto wa mtaani kwetu Lizaboni huinama dirishani kumpa baba shikamoo. Alilinunua kwa mhandisi mmoja aliyekuwa akirudi kwao baada ya barabara kwisha, mwaka uleule baba alipostaafu kufundisha useremala. Sote tulitarajia pikapu ya kubebea mahindi. Mama alilizunguka, akauliza, "Na magunia tutaweka wapi?" Baba akamjibu kwamba magunia amebeba ya kutosha, sasa anataka kumbeba mke wake. Mama akaingia, akakaa kiti cha mbele, na kiti kile hajampa mtu tangu siku hiyo, isipokuwa mara moja.

Mnaodhani gari la michezo ni la kukimbizwa hamjamwona baba. Anaendesha kama alivyokuwa akipiga randa ubao wa mninga, anasukuma taratibu, mkono mmoja, pumzi moja, bila kuushtua ubao. Ukiwa naye hujui gia imebadilika saa ngapi. Mimi nina duka la vitenge na mguu mzito, nikiendesha mimi abiria wanasali. Kwa hiyo ninapomsifu baba nasifu kitu ninachokijua kwa kukikosa.

Matata yalianza msimu wa baridi. Baba na mama walikwenda Namtumbo kumchukua kaka yangu mkubwa, bwana shamba wa huko, aje Songea kwenye ubatizo. Kaka akakunjwa kiti cha nyuma, magoti kidevuni. Njiani baba akataka kulipita lori la tumbaku. Alipokuwa sambamba nalo gari likasita, nguvu zikakatika kama mtu anayemeza maneno, kisha zikarudi. Mbele basi lilikuwa linakuja likiwasha taa. Wakapita salama, ila kaka alifika nyumbani uso umemshuka.

"Baba, mguu wako ulisita," alisema hata kabla ya kunawa mikono.

"Gari ndiyo imesita," baba akasema.

"Gari nzima kabisa ile. Baba, umri umekwenda."

Kaka yangu si mtu mbaya. Ana tabia moja tu, akishaamua jambo huongea kama yuko kwenye mkutano wa kijiji na ajenda zimefungwa. Alinifuata jikoni akaniambia kwamba mwisho wa mwezi atakuja kuchukua funguo, baba hataendesha tena, tutamtafutia dereva. "Unataka tumzike mama?" aliniuliza. Nilimwamini baba, lakini kuamini siyo ushahidi.

Baada ya hapo nilipita kwao asubuhi moja nikamkuta baba barazani, kandambili ameivua, anautazama mguu wake wa kulia. Anaukunja, anaunyoosha, anaukunja. Aliponiona akauvisha haraka. Iliniuma kuliko kama angelia. Mzee aliyekuwa anajua unene wa ubao kwa kupapasa tu, sasa anauuliza mguu wake mwenyewe kama bado ni wake.

Tukalipeleka gari kwa fundi. Fundi wetu ni Myao wa Tunduru, gereji yake iko nyuma ya duka la mbao, na kwa adabu hana mpinzani mjini. Tukifika tu, "Shikamoo mzee wangu, karibu kiti," kiti kinapanguswa, soda inaletwa, mzee anaketi kivulini. Kisha fundi anaingia kwenye gari mwenyewe, anakwenda nalo kulijaribu, anarudi anatabasamu.

"Wallahi mzee wangu, gari inaruka kama swala."

Hata hivyo akabadilisha plagi, kwa kuwa zilikuwa zimechoka. Tukaondoka, na kwenye kamlima ka kuelekea nyumbani gari likasita. Tukarudi. Kiti, soda, kivuli. Fundi akabadilisha chujio la mafuta, akaenda kulijaribu, likaruka kama swala. Baba akaendesha, likasita. Safari iliyofuata akapima pampu, akakagua nyaya za plagi moja moja, akasema labda ni baridi ya asubuhi. Nikaliendesha mimi, safi. Fundi, safi. Baba, linasita. Mwisho hata fundi akaanza kumtazama baba kwa ile huruma ya upole ambayo mgonjwa anaijua kabla hajaambiwa kitu. Baba akaacha kumaliza soda zake.

Mama alikuwa haji gereji, anasema harufu ya oili inamkaa kwenye nguo za kanisani. Siku moja akaja. Fundi akamletea kiti naye. Mama akakikataa, akabaki ndani ya gari, mlango wazi, mkoba magotini.

"Nani anakwenda kuijaribu?" aliuliza.

"Mimi mama yangu. Mzee apumzike."

"Huyu mzee amepumzika vya kutosha. Gari inasita akiendesha yeye. Tangu umeanza kuitengeneza, umewahi kukaa humu ndani ukamwacha aendeshe?"

Mtu wa gereji ya jirani akaacha kugonga bati. Na kweli, fundi hajawahi. Kwetu mzee hawezi kukuendesha wewe kijana umekaa tu kama bosi, huo ni utovu wa adabu, utasimuliwa mpaka Nalasi huko Tunduru. Tulimheshimu baba mpaka tukamtoa kwenye gari lake mwenyewe, tukamketisha kivulini, tukautafuta ugonjwa wa gari likiwa mikononi mwa watu ambao kwao halisiti.

"Mama, mzee aniendeshe mimi?" Fundi aliishika kofia yake. "Watu wataniona."

"Wakuone. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ingia nyuma."

Akaingia, nami nikajibana pembeni yake. Baba akawasha gari. Tukatoka mjini kwa barabara ya Namtumbo, milima ya Matogoro imevaa ukungu, fundi amejikunja hana pa kuweka aibu yake. Baba akaenda mwendo wake ule, hauongezeki wala haupungui. Kilima kilipoanza akausukuma mguu kidogo tu. Gari likameza neno.

"Subhanallah," fundi akasema. Aibu ikamtoka pale pale. "Tena, mzee wangu. Hivyo hivyo, usibadilishe kitu."

Baba akarudia, likasita. Fundi akamwomba sasa akanyage kwa nguvu mara moja, kama vijana. Gari likaondoka bila kusita, mama akashika dashibodi. Akamwomba tena polepole, likasita mahali palepale. Fundi alikuwa amepenyeza kichwa katikati ya viti, hatazami barabara, anautazama mguu wa baba.

Tuliporudi gereji fundi hakutoa kiti. Alifungua boneti, akachomeka mita kwenye sensa moja ndogo inayoiambia injini mguu umekanyaga kiasi gani, akamwita baba asimame karibu. Akauvuta waya wa pedali ya mafuta kwa kidole, taratibu kabisa. Mshale wa mita ukapanda, ukapanda, ghafla ukaanguka, kisha ukapanda tena. Akauvuta haraka, mshale ukapanda moja kwa moja, ile sehemu hata hukuiona.

"Humu ndani kuna kinjia, na kuna kidole kinatembea juu yake," akasema. "Sisi wengine tunapiga mafuta, kidole kinaruka huku na huku. Mguu wa mzee unakaa sehemu moja, haubabaiki. Miaka yote hii umekaa hapa, mpaka hapa pameisha. Sisi tunaparuka tu, gari inaona sawa." Akamgeukia baba. "Mzee wangu, nimefungua magari mengi. Mguu uliotulia namna hii sijauona."

Baba aliinama juu ya mita. Alikuwa anautazama ule mshale. Mimi nilijaa fahari mpaka nikataka kupiga vigelegele gereji nzima, na ningepiga kama mama asingenikanyaga.

Fundi akasema sensa nyingine ataagiza Dar, itakuja kwa basi, na kwa sasa anaweza kuichokonoachokonoa ile ya zamani ipunguze kusita.

"Usiiguse," mama akasema. "Mwanangu anakuja Jumamosi."

Kaka alikuja Jumamosi, mwisho wa mwezi kama alivyoahidi, suruali imepigwa pasi, hotuba iko tayari. Alitoa shikamoo, akanywa chai, akakohoa kidogo. Kabla hajafungua mkutano mama akamwekea funguo mkononi.

"Si unazitaka? Endesha. Baba yako atakaa hapa mbele." Naye akaingia nyuma pamoja nami, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akilaani magoti yake.

Tukaenda barabara ileile. Kaka akakanyaga, gari likaruka kama swala. "Mnaona?" akasema. "Gari nzima."

"Taratibu," baba akasema.

Akapunguza, akakanyaga tena. Hakuna kitu.

"Vua kiatu."

"Baba?"

"Vua kiatu. Na soksi."

Mtu mzima, mtumishi wa serikali, akasimamisha gari akavua viatu na soksi kama anaingia mtoni, akaondoka tena. Baba akamwelekeza kwa sauti ile ya karakana ambayo sikuwa nimeisikia tangu astaafu. "Usiishtue. Sukuma kidogo. Punguza. Ukihisi kidole gumba kinafanya kazi, umezidisha. Sasa ngoja. Ngoja. Sukuma." Kaka alikuwa ameuma ulimi kwa umakini. Kilima kikaja, akasukuma, na gari likameza neno.

Alishtuka akaachia. Akarudia, likasita. Akarudia tena. Kisha akaliweka gari pembeni, akakaa mikono yote juu ya usukani, anatazama mbele.

"Ni gari," akasema.

"Sema tena," baba akasema.

"Ni gari, Baba. Siyo mguu wako."

Nilimwona baba kwa pembeni. Machozi yalikuwa yanamtoka, hayafuti. "Mguu utachoka siku moja, najua," alisema. "Siku hiyo nitawaambia mimi. Msiniambie ninyi."

Kaka akafungua mlango. Akashuka pekupeku juu ya kokoto, akazunguka mbele ya gari akichechemea, akamfungulia baba mlango wa upande wake.

"Tuendeshe wewe, Baba," akasema.