Fundi Rangi Afumba Macho

Fundi rangi hakutulia kwenye benchi la hospitali. Aliketi, akainuka, akasoma tangazo lile lile ukutani, akaketi tena. Dada yake, aliyemsindikiza kwa mkongojo wake, akachoka kumtazama.

"Kaa kitako, mdogo wangu. Unanitia kizunguzungu, na changu kinanitosha."

Kizunguzungu hicho kilitokana na ugonjwa wa mishipa ya fahamu, nao ulikuwa wa ukoo. Ulimshika mama yao, ukamshika dada: kwanza ganzi ya nyayo, kisha masikio, kisha mkongojo. Sasa daktari alitaka na yeye apimwe, asije akaanguka kutoka juu ya ngazi. Lakini ngazi ndiyo iliyomlisha tangu ujana. Bila ngazi alijiona si fundi tena, ni mtu tu mwenye nguo za madoa.

Katika kijichumba kisichopenyeza sauti alivishwa visikilizio masikioni. Kila mlio aliusikia, akabonyeza kitufe kwa pupa. Kisha yakaja maneno yaliyochanganywa na kelele. Sauti aliipata, maneno yalimponyoka kama sabuni.

"Mashine yenu mbovu."

"Mashine nzima, kaka," alisema mpimaji, mwanamke mcheshi. "Sikio linapokea, mshipa unafikisha nusunusu. Haya, tupime usawa wa mwili."

Alisimama juu ya sponji nene, miguu pamoja, wima kama nguzo. Macho aliyakaza kwenye ukingo wa mlango, kama afanyavyo kazini: chagua mstari ulionyooka, usiuache.

"Umeona?" alimtambia dada yake, aliyeketi pembeni.

"Sasa fumba macho," alisema mpimaji.

Akafumba. Hakuhisi kuanguka, alihisi tu mikono ya mpimaji ikimdaka.

"Tena!" alifoka. Akafumba, akaangukia upande wa pili.

"Miguu yako haikupi habari," mpimaji alisema taratibu. "Macho ndiyo yanayokushikilia. Huko juu, vumbi likikuingia machoni?"

Lilikwisha kumwingia mara nyingi, akalipangusa kwa kiganja huku akipiga mluzi.

Nje alizunguka getini kama kuku anayetaka kutaga, kisha akampigia simu mwenzake wa kazi.

"Ukuta wa ghorofani kesho panda wewe. Mimi nitapaka milango."

"We mzee, nani kakuroga?"

"Panda, nimesema!"

Akakata simu. Dada yake alikuwa kando, ameegemea mkongojo, akimtazama.

"Na wewe usinionee huruma," alimwambia, akaanza tena kuzunguka.