Timu Aliyoiota Mbuke

Mbuke Masunga alizaliwa kwenye mbuga za Usangu, katika familia ya Kisukuma iliyohamia huko na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Baba yake hakuwa mtu wa kuhamisha kundi kabla ya kulala na kuliota jambo. Kiangazi kimoja aliota maji yakimeta upande wa mashariki. Kulipokucha akaswaga ng'ombe huko, na siku ya tatu wakakuta dimbwi ambalo hakuna jirani aliyelijua. Mbuke alikuwa na miaka tisa. Akakua akiamini kwamba ndoto nayo ni namna ya kuona.

Alipokwenda kusoma chuo cha ualimu Iringa, alimkuta Sista Verediana akifundisha wasichana mpira wa magongo. Sista alimwona mgeni amesimama pembeni, akampa gongo amshikie kidogo. Mbuke akainama na lile gongo lililopinda nchani, akausukuma mpira kutoka lango moja hadi la pili bila kuupoteza. Baadaye alisimulia kwamba hakuwa akifikiri lolote. Alijisikia yuko mbugani saa za adhuhuri, nyasi zinatetemeka kwa joto, na kitu kidogo cheupe kinamtangulia.

Akacheza, akahitimu, akabakizwa chuoni kufundisha. Sista alipohamishiwa Songea alimwachia filimbi na timu. Mbuke akawa kocha mkuu akiwa na miaka ishirini na nane.

Hapo ndipo ndoto zilipoanza. Kila mechi ilipokaribia aliwaona wachezaji wake usingizini, wakielea uwanjani taratibu kama watu walio chini ya maji. Aliyemwona mchangamfu alimpanga. Aliyemwona amezubaa alimweka benchi. Hakumwambia mtu. Timu ikatwaa kombe la vyuo miaka mitatu mfululizo, na watu wakasema Madam Mbuke ana jicho.

Mwaka wa nne walifika fainali, Mbeya. Beki wake bora alikuwa Tumpe, msichana mfupi, mkimya, mzaliwa wa hapo hapo mjini. Mama yake alifunga kibanda chake cha vitenge katika soko la Mwanjelwa ili aje kumwona mwanawe akicheza. Lakini Mbuke alikuwa ameota Tumpe akiondoka uwanjani, gongo begani, mgongo umewageukia wenzake, ukungu ukimfunika hadi asionekane. Asubuhi akalikata jina lake.

 Tumpe alikaa benchi na soksi zake ndefu, mama yake akimtazama kutoka ng'ambo ya uwanja. Walifungwa mabao matatu kwa bila, yote yakipitia upande ambao angeulinda yeye. Alipomaliza chuo aliondoka bila kuaga.

Mbuke hakuacha kuota, ila hakupanga tena timu kwa ndoto. Alikuwa akienda uwanjani mapema, anamuuliza kila mchezaji amelalaje, anatazama miguu yao wanavyokimbia. Vikombe vikapungua. Jambo la Tumpe likabaki ndani yake, halisemeki.

Ikapita miaka tisa. Chuo kimoja cha Mbeya kikaomba mechi ya kirafiki, na barua ilikuwa na saini ya kocha mkuu wao: Tumpe. Iringa wakafungwa mawili kwa moja. Mchezo ulipokwisha, Mbuke alimfuata Tumpe aliyekuwa akikusanya mipira, akaanza kuokota pamoja naye.

"Tumpe, siku ile ya fainali hukuwa na kosa," akasema. "Nilikuota vibaya, nikaogopa."

Tumpe alisimama na mpira mkononi. "Mimi nilijua umeona miguu yangu mizito, Madam. Nimekimbia kila asubuhi kwa ajili ya hiyo miguu."

"Ilikuwa mizuri kuliko ya wote. Nisamehe."

 Tumpe akataka kujua aliotwaje, na Mbuke akamsimulia yote: ukungu, gongo begani, mgongo ukienda.

"Labda nilikuwa nakuja huku tu, kwenye ukocha," Tumpe akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Alisema pia kwamba alitamani angeambiwa wakati ule, hata kama ni jambo la ajabu. Mbuke akakubali kwamba ilikuwa haki yake.

Tangu hapo Mbuke huenda Mbeya kila likizo ya Juni, anakaa wiki nzima kuwanoa makipa wa Tumpe. Mbinu zake za kona ya penalti, lile pigo la adhabu karibu na lango, hamfunulii, maana bado ni wapinzani, wala Tumpe haulizi.

Mwaka huu Mbuke ana wachezaji kumi na tisa, na saba kati yao hawajawahi kushika gongo. Huanza mazoezi jua likichomoza nyuma ya miamba ya Iringa. Umande unakuwa haujakauka, na kila mpira unaopigwa huchora mstari mrefu wa kijani kwenye nyasi nyeupe, ukapinda, ukakutana na mwingine. Mbuke husahau filimbi mdomoni, akitazama tu.