Kibuyu cha Mlamu na Hesabu za Kampala

Muhula wangu wa kwanza chuoni Kampala niliumaliza kwa kuanguka kalkulasi. Hizo ni hesabu za vitu visivyotulia: jiwe linaloporomoka, gari linaloongeza mwendo, maji yanayopanda ndani ya tangi. Na mimi situlii, nikadhani tutaelewana. Wapi!

Swali lililonimaliza lilikuwa la tangi. Lina umbo la pia, ncha chini, mdomo mpana juu. Maji yanaingia kwa mwendo uleule, hayazidi wala hayapungui. Je, yakifika nusu ya kimo, uso wake unapanda kwa kasi gani? Nikalitazama swali, nalo likanitazama. Mwisho nikaandika: "Kwetu Mpanda hatuna tangi la namna hii."

Bwenini walicheka mpaka mmoja akaanguka kitandani. Mwalimu wetu, Mwingereza mrefu asiyecheka hata ukimtekenya, alinirudishia karatasi ina maneno mekundu: "Nenda likizo ukalitafute." Kisha akaniita, akanieleza kwa upole ulioniogopesha kuliko makelele. Nitarudia mtihani siku ya kwanza ya muhula wa pili. Nikianguka tena, nafasi yangu anapewa mwingine, nami nafunga sanduku.

Basi nikarudi kwetu, meli mpaka Mwanza, garimoshi mpaka Tabora na Kaliua, halafu lile tawi la reli la kuja Mpanda, ambalo linatembea kama linaogopa kuwaamsha simba. Nikakuta baba ameshalitangazia kanisa zima kwamba mwanawe anasoma hesabu ambazo hata bwana shauri wa wilaya hazijui. Sikuona sababu ya kumwongezea habari.

Nilikwenda kukaa kwa kaka, anayefanya kazi machimboni, ili nisome mbali na sifa za baba. Mke wa kaka kwetu ni mlamu, na mlamu ni mtani. Anaweza kukutukana mbele ya wageni, anaweza kukuteka kofia, na wewe kununa huruhusiwi. Kilichotekwa hakichukuliwi kwa nguvu. Unakigomboa kwa kazi atakayokupa.

Mlamu wangu ni Mpimbwe wa Kibaoni, na mdomo wake haujawahi kupata likizo.

"Mume wangu mdogo," aliniambia, "huo ukurasa mmoja tangu juzi. Unasoma au unaatamia?"

"Nasoma, mke wangu. Kitabu kitamu hiki, kinaliwa polepole."

"Kitamu? Lete nionje."

Akakinyakua, akaingia nacho ndani. Nikamwambia nina mtihani. Akasema na yeye ana asali.

Kweli alikuwa nayo. Kaka ana mizinga ya magome kule porini, na alikuwa ameleta masega mengi ambayo mlamu alitaka kuyakamua ampelekee mama yake Kibaoni. Aliyaweka kwenye kikapu juani, chini ya kikapu akaweka kibuyu kikubwa, tumbo kama la karani, shingo ndefu kama ya mbuni. Asali ikawa inashuka uzi mmoja, haukatiki.

"Ugomboe kitabu chako hapa," akasema. "Kaa, tazama. Ikikaribia mdomo, badilisha kibuyu. Mimi naenda kisimani. Tone likimwagika, nawasha moto kwa hicho kitabu."

Nikakaa. Kazi ya kutazama asali inashuka haina tofauti kubwa na kusoma kalkulasi. Baada ya muda nikachukua bua la mtama, nikalichovya: asali imefika nusu ya kimo cha kibuyu. Nikatazama kivuli cha kihenge. Tulipoanza kilikuwa kwenye kinu, sasa kimefika kwenye jiwe la kusagia. Hesabu rahisi, hata mtoto wa shule ya vijijini anaiweza. Nusu ya kwanza imechukua kivuli kiasi hicho, nusu ya pili itachukua kiasi hichohicho. Nikachora mstari mavumbini mahali kivuli kitakapofika, nikajisifu. Msomi hakai na kibuyu kama yaya.

Wakati huohuo garimoshi likapiga honi, na kwetu Mpanda, garimoshi likiingia halipokelewi na wasafiri peke yao. Nikaenda kutazama nani kashuka na nani kanenepa.

Nilirudi mapema, kivuli bado hakijaugusa mstari wangu. Lakini asali ilikuwa imeshatoka shingoni, imetambaa uwanjani, siafu wamekwisha pelekeana habari, na jogoo wa kaka amesimama katikati, ananyanyua mguu mmoja, haunyanyuki.

Mlamu akatokea na mtungi kichwani. Akatazama jogoo, akanitazama mimi.

"Nani kati yenu amesoma?"

Nilikuwa natazama shingo ya kibuyu. Asali ilikuwa ileile, uzi uleule. Ila kule tumboni ilikuwa na uwanja mpana wa kujaza kabla haijapanda hata kidole kimoja, na huku shingoni uwanja ni kama sarafu. Kwa hiyo kasi ya kupanda haikuwa moja. Kila kimo kilikuwa na kasi yake, ya palepale, na ukitaka kuijua unauliza: hapa uwanja una upana gani?

"Tangi!" nikapiga kelele. "Mlamu, ndilo tangi lenyewe!"

"Jua limekuingia."

Nikamweleza yote, kwa mikono, kwa bua, kwa michoro mavumbini. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wamekuvusha ziwa ukajifunze kumwaga asali."

Nilifagia uwanja, nikamtoa jogoo kwa maji ya moto kidogo, nikasindikizana na kaka porini kutafuta masega mengine. Ndipo akanirudishia kitabu. Kumbe alikuwa amekitumia kufunika masega yaliyobaki ndani, nzi wasiingie, na kurasa za matangi zote zilikuwa zimegandana kama mkate. Sikuweza kuzifungua. Siku zilizobaki nilijitungia maswali mwenyewe, ya vibuyu, mitungi, vinu, hata tumbo la karani.

Siku ya mtihani mwalimu alikuwa amelipindua tangi lake: pana chini, ncha juu. Nikalifanya mpaka mwisho. Chini ya jibu, kwa kuwa ulimi wangu haujui kukaa, nikaandika: "Tangi nimelipata. Usiliache peke yake garimoshi likiingia."

Karatasi ilirudi na maneno mekundu mawili mawili: "Hesabu: umefaulu. Mzaha: sifuri."

Ya hesabu nimeikubali. Hiyo nyingine nakata rufaa kwa mlamu, maana mzungu yule somo hilo hajasomea.