Sahani Haisemi Nani Alikula

Ninyi bavijana munaopita mu manyumba na telefone mukononi, kuuliza bamama "jana mutoto alikula nini?", ile kazi mi niliifanya zamani, mbele ya ninyi kuianza. Niliifanya na bic, kalamu ya wino, na fishi ya karatasi ya kujaza. Sikusoma sana, niliishia ya tatu primaire. Lakini mu ile kazi nilikosa mbaya sana, na kosa yangu inaweza kuwafundisha. Basi musikie.

Siku ya kwanza ilikuwa ku dispansere ya kampuni ya migodi, hapa Dilala. Infirmie-mukubwa, mukubwa wa bauguzi, muzee moja ya maneno fupi, alinionyesha bitu tatu. Kilo ya kupimia uzito, ya kutundika, yenye kasuruali ya kitambaa mutoto anaingizwamo miguu. Kamba ya kufunga ku mukono: ikifika ku kijani mutoto ni muzima, ikifika ku nyekundu ni hatari. Na fishi, yenye asubui, midi ya muchana, na mangaribi. Mama anasema, unatia musalaba.

"Kilo na kamba utabiamini," aliniambia. "Ile fishi, mama Zabeti, utaona mwenyewe."

Sikumuelewa. Ile wakati kampuni ilikuwa inatoa posho, unga ilikuwa mu kila nyumba. Mama akisema bukari, ugali yetu, mara tatu, unamuangalia mutoto, mashavu inajaa. Nilitia misalaba kama mutu anayepanda mahindi.

Kisha bakanipeleka ku dispansere ya Mutoshi, na kampuni ikaanguka. Posho ikakatika. Bamama balikuwa banakaa ku banc moja ya kungojea, kila mutu anasikia jibu ya mwenzake. Muke wa karani moja alisema kwa sauti ya juu, "Kwangu? Mara tatu, na nyama!"

"Nyama ya wapi, mama?" jirani yake akamuuliza. "Ile uliota?"

Banc muzima ikacheka. Ule mama akainamisha kichwa, mutoto wake mukavu ku magoti. Ile siku nilihamisha kiti yangu nyuma ya mulango, nikaanza kuwaita moja kwa moja. Nyuma ya mulango, mara tatu ikakuwa moja. Nilizani basi: kumbe ni aibu tu njo inawafanya baongeze. Nilizani nimemaliza kujifunza.

Halafu ikakuja ile wakati bantu ya Katanga balifukuza bantu ya Kasai. Bantu tulizaa nabo, tulizika nabo, balitolewa mu manyumba na magodoro ku kichwa, bakalala ku gare kungojea treni, majuma na majuma. Docteur moja ya misaada alitutuma kule. Mi ni mutu wa Katanga ya kaskazini, na kuna bajirani balininunia juu ya kusaidia bale ya Kasai. Banune.

Maziwa ya unga ilikuwa kidogo. Sheria ya docteur ilikuwa hivi: mutoto mwenye kamba nyekundu, na anayekula mara moja tu, anaandikwa ku liste, anapewa boite za maziwa, za kula mu njia. Mwenye kamba nyekundu lakini anakula vizuri, ni minyoo. Anapewa dawa, anaenda.

Mama Ngalula alikuwa na batoto ine. Wa mwisho, Kabeya, miaka mbili, kamba nyekundu kabisa. Nilimuita pembeni, mbali na masikio.

"Jana Kabeya alikula nini?"

"Bukari na tusamaki, mama. Mara mbili."

"Kweli?"

"Mbele ya Mungu. Mi mwenyewe nilipika."

Sikuona uongo mu macho yake. Nikatia misalaba mbili. Docteur akamuandikia dawa ya minyoo.

Kesho yake nilipita karibu na bitu yao saa ya kula. Mama Ngalula alitua sahani moja chini, akakamata bidon, akakimbia ku mulolongo ya maji. Bale batoto bakubwa tatu bakaingiza mikono. Kabeya alikamata kipande ya bukari. Ilikuwa moto, akaiachilia, akapuliza vidole. Akikamata tena, mboga imeisha. Akikamata mara ya tatu, sahani imeisha. Hakulia. Alilamba kidole yake.

Mama yake akarudi, akaona sahani tupu, akafurahi. "Bamekula," akasema.

Nilienda kwa docteur.

"Fishi ya Kabeya ni ya uongo, na bic ilikuwa mukononi mwangu."

"Ule mama alikudanganya?"

"Hapana. Alisema ile ilikuwa ku sahani. Mi sikumuuliza ni mukono ya nani iliikula."

"Mama Zabeti, ulisoma mpaka wapi?"

"Ya tatu primaire. Kuya uone bakikula mangaribi, docteur. Haiombe diplome."

Alikuja. Alisimama nyuma ya mizigo ya bantu, akaangalia mpaka mwisho. Kisha akakata neno "minyoo" ku fishi na bic, akaandika Kabeya ku liste. Mama Ngalula alipopewa boite, alilia: "Kumbe mi njo namunyima mutoto wangu?" Nikamuambia, "Hapana, mama. Ulikuwa unatafuta maji." Siku ya tatu treni ikawabeba. Kama Kabeya alifika, sijui. Ningali nauliza.

Nilitumika tena miaka mingi, na kila mama nilimuuliza: alikula na nani? Wewe ulikuwa wapi? Nani aliona? Sasa nimepumzika, magoti inakatala. Lakini ile mangaribi docteur alikuja kuangalia ku gare, nilirudi nyumbani, nikakuta bantu bangu saba bamezunguka sahani moja, kajukuu kangu nyuma ya migongo yao. Binti yangu akaniambia, "Mama, bote bamekwisha kula vizuri."

Nilisimama pale na viatu mu miguu, nikawaambia bote:

"Kuanzia leo, mudogo anakula mu kasahani kake, na mukubwa moja anakaa naye mpaka anamaliza. Mutu akiwauliza mutoto alikula nini, museme ile muliona na macho. Kama hamukuona, museme hatukuona. Sasa muteleke maji ya bukari tena, huyu hajakula."