Siku Ndege Ilipoingia Kwenye Viazi

Shamba letu lilipakana na kiwanja cha ndege. Nikisema kiwanja msifikirie lami na taa. Kilikuwa ukanda wa nyasi iliyofyekwa, nje kidogo ya mji wa Eldoret, na soksi ya kitambaa juu ya mlingoti kuonyesha upepo unakotoka. Kando kulikuwa na kibanda cha mabati alimokaa karani mmoja kutoka upande wa magharibi, mtu mpole wa kaptula ya kaki. Ndege ikishatua, karani alitoka na vibendera viwili akaionyesha njia ya kwenda kuegesha karibu na kibanda. Kazi yote ilikuwa hiyo, na aliifanya kwa heshima kama mtu anayepokea wageni wa harusi.

Sisi tulikuwa tumetoka upande wa kati. Uhuru ulikuwa bado mpya, masetla walikuwa wanauza na kuondoka, na watu wa kwetu walijikusanya wakaunda kampuni na kununua shamba zima la ngano kwa pamoja. Mume wangu alikuwa na hisa, mimi nilikuwa na jembe. Shida ya kununua pamoja huja wakati wa kugawana. Tuliahidiwa mpimaji wa serikali, tukaahidiwa tena, na mvua nazo hizo zinakuja. Mwenyekiti wa kampuni yetu, mzee aliyevaa koti refu la jeshi hata jua likiwaka, akasema msimu hautamngoja mpimaji. Tukapima kwa kamba. Kila mpaka ukawekewa mawe, na ili asitokee mtu wa kudai kwamba hakuyaona, mwenyekiti akaamuru yapakwe chokaa.

Yalipendeza jamani! Mistari miwili myeupe ilianzia pale pale ukingoni mwa kiwanja, ikashuka kati ya ploti yetu na ya jirani, na katikati tukaacha njia pana ya mikokoteni. Njia hiyo ilikuja hadi karibu na nyumba yetu, halafu ikakata kona kwenda mtoni. Kwenye kona ndipo nilipopanda viazi. Seng'enge ya setla iliyotutenga na kiwanja ilikuwa imetoweka siku nyingi. Sikuuliza ilikokwenda, lakini karibu kila boma la kuku lililojengwa mwaka ule lilikuwa zuri sana.

Asubuhi moja baada ya mvua kubwa, nilikuwa napalilia nikasikia ndege. Ilizunguka mara moja, ikashuka, ikatua vizuri tu. Nilijua karani hayupo, maana mkewe alikuwa amepita kwetu kuomba ndimu, akasema homa imemlaza. Nikaendelea na palizi yangu. Baadaye kidogo nikaona ule mlio haufifii, unakua. Nikainua kichwa. Ndege ilikuwa inakuja kwangu.

Haikuja kwa kasi. Ilikuja polepole, pua juu, inayumba kushoto na kulia kama mlevi anayejitahidi kutembea sawasawa. Mabawa yalipita juu ya mawe yetu huku na huku, na kweli ilionekana kama njia ile ilichongwa kwa ajili yake. Jirani yangu alitupa jembe akakimbia, akiita watoto wake wote. Mimi sikukimbia. Nilisimama pale na sweta langu jekundu nikaanza kupunga mikono yote miwili na kupiga kelele, "Simama! Hapa ni shamba! Simama!" kana kwamba rubani angenisikia.

Hakunisikia, lakini aliniona. Alifunga breki kwenye kona, ndege ikateleza kidogo kwenye matope, ikaingia matuta matatu ya viazi na kutulia. Injini ikazimwa. Kimya kilichofuata sijapata kukisikia tena.

Mlango ukafunguka akatoka kijana Mwafrika mwenye shati jeupe na tai. Hilo lilinishangaza kuliko ndege yenyewe, maana marubani wote niliowahi kuona pale walikuwa Wazungu. Alitazama viazi, akatazama nyumba yetu, akatazama suruali ya mume wangu niliyovaa chini ya gauni.

"Mama, pole sana," akasema. "Hii si ndiyo njia ya kwenda kuegesha?"

"Hii ni njia ya kwenda mtoni," nikamwambia.

Alicheka. Ndani ya ndege walikuwamo abiria wawili, mabwana wa ofisi kutoka Nairobi, na wote wawili walikuwa bado wameshikilia viti.

Baada ya muda mfupi kampuni nzima ilikuwa shambani kwangu. Mwenyekiti alifika na koti lake, akauliza nani ametoa ruhusa. Rubani alimweleza kwa adabu. Mawe ya kiwanja yanayoonyesha njia ya kuegesha, alisema, yamezama kwenye nyasi na chokaa yake imeliwa na mvua. Hakukuwa na mtu wa kumwelekeza. Alipomaliza kutua akatafuta mawe meupe, akaona ya kwetu.

"Na huoni mbele?" mwenyekiti akauliza.

"Sioni, Mzee. Ndege ya aina hii ikiwa chini pua yake inaniziba. Ndiyo maana nayumba hivi na hivi, nichungulie pembeni. Kuruka ni rahisi. Kutembea chini ndiyo taabu."

Haikuwa na namna ya kurudi nyuma. Ilibidi wanaume waunyanyue mkia na kuizungusha, kazi waliyoifanya kwa nyimbo na ushauri mwingi usiohitajika. Kisha rubani akasema atahitaji mtu wa kumtangulia hadi kibandani, na mwenyekiti akajitolea hapohapo. Akatangulia mbele kwa hatua za gwaride, kifua mbele, akipungia watu mkono kulia na kushoto, wala hakugeuka hata mara moja. Alikwenda katikati kabisa ya njia, akapotea mbele ya pua ya ndege, rubani asimwone. Rubani akazima injini na kutoa kichwa dirishani.

"Mzee, nisamehe. Ukinipa mgongo sijui uko wapi. Hii propela haijui mwenyekiti."

Watu walicheka, na mzee mwenyewe akacheka baada ya kufikiri kidogo. Rubani akatupa macho kwenye umati, akanyoosha kidole.

"Yule mama wa sweta jekundu. Wewe nilikuona."

Nikamtazama mume wangu. Akanipokea jembe.

Rubani alinichorea kwa kijiti kwenye matope: hapa propela, hapa ncha ya bawa, hapa dirisha lake la kushoto. "Tembea mbali na propela, mbele ya bawa hili la kushoto. Nitazame mimi, usitazame ndege. Ukiona uso wangu, na mimi nakuona. Usipouona, pandisha mikono hivi, uipishanishe kama msalaba, halafu usisogee. Nami sitasogea."

"Na nikianguka?"

"Ukianguka sitauona uso wako. Nitasimama."

Jibu hilo lilinituliza. Injini ikanguruma, nyasi zikalala, gauni likataka kunihama. Nikaanza kurudi kinyumenyume nikitazama uso wa kijana yule kwenye kioo, na yeye ananitazama mimi. Mara mbili nilimpoteza, mara mbili nikapishanisha mikono, na mara zote mbili lile dude likasimama. Siwezi kueleza furaha niliyoipata mara ya kwanza liliponitii. Nilikuwa na watoto watatu, mume, na ng'ombe, na hakuna kati yao aliyepata kusimama haraka vile kwa kuona mkono wangu tu.

Tulipofika kibandani abiria waliteremka bila kuaga. Rubani alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kisha akageuka kwa mwenyekiti, akasema mawe yale lazima yaondolewe. Hapo utani ukaisha.

"Ukiondoa jiwe moja," mwenyekiti akasema taratibu, "kesho ndugu wawili watapigana. Hatuna cheti bado, kijana. Cheti chetu ni hayo mawe."

Waliangaliana. Ni mume wangu, mtu ambaye kwenye mikutano hakuwa na desturi ya kusema, aliyeuliza kama ndege inachukizwa na jiwe au inachukizwa na chokaa. Rubani akasema ni chokaa. Basi jioni ile tulitoka wote na ndoo na matope, tukasugua weupe wote upande wa kiwanja, na kila jiwe likabaki pale lilipokuwa. Chokaa iliyobaki kwenye debe mwenyekiti aliipeleka mwenyewe kiwanjani, na mawe ya kule yakapakwa upya.

Karani alipopona alikuja kunitazama kama mke aliyesikia mumewe amepikiwa na jirani. Lakini hakuwa na kinyongo. Alinipa vile vibendera nijaribu, akaniita siku zote alizokuwa na homa, na alipopata uhamisho kurudi kwao akanitaja kwa wakubwa. Wakanipa kazi yake, koti la mvua na kofia iliyonizidi kichwa. Mume wangu akasema kama ni kazi ya kurudi kinyumenyume, basi atafukia mashimo yote ya panya kuanzia nyumbani hadi kibandani, na akafanya hivyo.

Nilipokea ndege pale miaka mingi. Si wote walionipenda. Rubani mmoja, Mzungu wa makamo, alitua akaniona nimesimama na vibendera, akakataa kunifuata. Alikaa mwisho wa ukanda huku injini inanguruma, anangoja atokee mwanamume. Nami nikasimama. Mvua ilikuwa imeanza. Nilimwona abiria wake, mwanamke mnene mwenye kofia ya maua, akimgonga bega, kisha akimgonga tena kwa mkoba. Ndege ikasogea. Nikautafuta uso wa rubani kwenye kioo, nikauona, mwekundu kama nyanya, na nikamleta hadi kibandani taratibu.